Écran ya inje

Ubao mumoja juu ya mawe mawili meusi ya volkano, mbele ya dirisha la nyumba ya mbao, kule mutaa wa Mapendo, hapo njia inapokunja kona: hicho ndicho kijiwe. Muzee Rachidi anafika wa kwanza na termos yake ya kahawa ya tangawizi. Halafu Twahiru, anayeitwa Kilomètre kwa kuwa alizoea kupeleka lori ya Fuso mpaka Kalengera na kupita, na sasa Fuso imekaa juu ya matofali na yeye amekaa juu ya ubao. Halafu Bagalwa, mutu wa upande wa Bukavu, karani wa ofisi iliyofungwa, ambaye bado anavaa kravati kila asubuhi, basi wakamuita Maître. Wanakunywa, wanabishana, na migongo yao iko njiani kwa sababu macho yao yako dirishani. Dirishani kuna écran ya zamani ya kompyuta, ya mraba, na kila kinachochezwa ndani kwenye écran kubwa kinaonekana pia kwenye hiyo ndogo. Bure. Tangu saa nne ya asubuhi mpaka jua linapozama.

Aliyeiweka pale ni Ramla, mwenye salle, chumba cha michezo ya ordinateur, na hakuiweka kwa wema. Fundi wa nguo wa nyumba ya tatu aliibiwa saa sita mchana, mulango wazi, watu wakipita, na Ramla alikuwa na mutoto wa miezi saba, Mwasiti, mugongoni, na bwana yake Ismael alikuwa barabarani huko kaskazini, simu inapita leo kesho haipiti, na hakuweza kumuendea mutu kumwambia njoo ukae mulangoni kwangu, kwa sababu ukisema hivyo umeshasema kwamba uko peke yako, na njia nzima imesikia, basi akachukua écran iliyokuwa inalala juu ya mufuko wa maharagwe, akatafuta câble, akaiweka dirishani, akaigeuzia inje. Kesho yake wanaume walikuwa wamekaa. Siku hiyo ndipo alipomunyonyesha mutoto bila kuangalia mulango.

Sasa ilikuwa wiki ya tano, na Élisée alitoka ndani amekunja uso. Élisée ni mwanafunzi wa chuo, mukali wa mchezo kuliko wote, na wachezaji wengine wanamufuata popote anapokwenda.

— Wazee wangu, hiyo écran yenu inaniua.

— Sisi? Kilomètre akauliza. Sisi tumekaa tu.

— Huko kukaa kwenu njo kunaniua. Ile yangu ya ndani ni kubwa, ina nukta mille neuf cent vingt kwa upana. Hii yenu ina mille vingt-quatre, karibu nusu yake. Ukiambia ordinateur ionyeshe kitu kimoja kwa zote mbili, inashuka mpaka kwa kipimo cha ile ndogo, halafu kule kwangu inavuta image ili ijaze. Adui akisimama mbali namuona kama mufuko wa makala ya kupikia. Watu wote wamekuwa wanene!

— Si vizuri? Mutu munene ni rahisi kumupiga.

— Na mimi pia niko munene, papa!

Élisée akageukia mulangoni, alipokuwa amesimama Ramla.

— Mama Mwasiti, nasema kwa heshima. Saa tisa tuna match na watu wa Bukavu. Ao écran ya inje itoke, ao mimi na wenzangu tunahamia ile salle ya kule chini.

— Ngoja kidogo, Élisée, ngoja, labda ni câble, labda inatikisika, wazee waangalie kwanza, wewe ngoja tu kidogo, bado kuna saa nzima.

Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Wachezaji wakienda, hakutakuwa na mchezo wa kutazama, na kijiwe kitaondoka kesho. Écran ikitoka, kijiwe kitaondoka leo. Alihesabu hivyo mara mbili na hesabu haikubadilika.

Kilomètre akanyanyuka kukagua câble kwa macho ya dereva.

— Mimi nimeshaona ugonjwa. Tazameni inavyopita. Inatoka chini ya meza, inapanda ukuta, inapita juu ya dirisha, halafu inashuka. Huo ni mupando! Gari yenye mizigo ikifika kwenye mupando, inafanya nini? Inachoka. Image inafika huku imechoka.

— Lakini inayochoka ni ya ndani, Élisée akasema. Huku iko muzuri.

— Njo vile. Ya ndani inasukuma.

Maître akakohoa. Alikuwa na namna ya kukohoa ya mutu aliyewahi kuwa na mihuri minne mezani pake.

— Mutaniruhusu. Hii ni kazi ya nakala na asili. Ofisini, nakala inapaswa kufanana na asili. Zisipofanana, huwezi kurudisha nakala iwe kubwa. Basi unashusha cheo cha asili. Inje inabaki inje, ndani inashushwa, na hakuna malalamiko.

— Malalamiko yako hapa mbele yako! Élisée akasema.

— Hayo si malalamiko. Hayajaandikwa.

— Maître, Kilomètre akadakia, ndiyo maana ofisi yenu ilifungwa.

Wakacheka, hata Maître, lakini kidogo. Ramla naye akacheka, akachelewa kuacha.

— Kwani hauwezi kuzitenganisha? Kilomètre akamuuliza Élisée. Weye na yako, sisi na yetu.

— Si nilijaribu alhamisi? Yenu ikabaki inaonyesha rangi ya bluu tupu.

— Tuliitazama saa mbili, Maître akasema. Mimi nilifikiri mumefika baharini.

— Na souris, ile ya kusogeza mushale, ikanitoroka! Niko katikati ya vita, navuta kwa kuume, mushale unapita ukingo, unakuja huku kwenu, nafinya, mchezo unajifunga, wananipiga risasi mimi nikitafuta mushale wangu.

— Ule mushale mudogo, mweupe? Kilomètre akauliza. Tuliuona! Ulikuja ukasimama hapa pembeni.

— Sasa mbona hamukuniambia?

— Tulifikiri unatusalimia.

Muzee Rachidi alikuwa na kazi yake. Alikuwa anasuuza vikombe. Alipomaliza akaviweka chini, na wote wakamugeukia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kahawa.

— Watoto, mimi nauza kahawa tangu Kindu, kabla hamujazaliwa. Termos ni moja. Wakija watu wawili, wanakunywa kahawa kamili. Wakija saba, naongeza maji. Image nayo ni moja. Ndani Élisée anaitazama, huku macho yetu sita yanaivuta. Mutatoa wapi image nzito? Imetiwa maji.

— Muzee, macho hayavuti kitu.

— Umejaribu?

Hakuna aliyekuwa amejaribu. Basi wakajaribu. Élisée akatumwa ndani kukaa kwenye kiti chake, na wanaume watatu wakageuka juu ya ubao, wakatazama njia, mikono magotini, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Ramla aliwaona hivyo, nyuso zote njiani, na kitu fulani ndani ya kifua chake kikakaa chini.

— Imebadilika? Muzee Rachidi akaita.

— Bado! Élisée akajibu kutoka ndani.

— Kuna mumoja anachungulia! Muzee akasema.

— Si mimi, Maître akasema, na shingo yake ilikuwa imepinda.

— Basi ni gaz, Kilomètre akasema, akigeuka tena. Gaz ya ziwa. Iko inapanda kila mchana, haionekani, inapita kati ya écran na jicho la mutu. Mimi nilipita Lac Vert siku moja, saa nane hivi, radio ya gari ikaanza kuongea Kichina. Kichina! Na ilikuwa imezimwa.

— Ulijuaje ni Kichina?

— Nilikuwa peke yangu ndani ya gari, Maître. Aliyeongea si mimi. Basi ni nani?

— Na gaz inanenepesha watu?

— Wewe ulishaona mutu wa kando ya ziwa aliyekonda?

Wakaanza kutaja watu wa kando ya ziwa, mumoja mumoja, na unene wao. Élisée akatoka tena. Akaonyesha saa kwenye simu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Ramla akamukaza mutoto mugongoni, akaingia, akapita nyuma ya meza, akashika câble pale inapoingia kwenye ordinateur. Alijua kwamba akiuliza mutu tena hatachomoa, na wachezaji wakihama hawarudi. Akachomoa.

— Haa! Élisée akasema ndani. Ona! Wamekonda!

Inje, écran ya dirishani ilizimika, ikawa nyeusi tii.

— Imekufa, Kilomètre akasema.

Wakaiinamishia vichwa, kama kwa heshima ya marehemu. Halafu Maître akasimama, akapangusa suruali.

— Basi mimi nipite kwa shemeji yangu.

Ramla alikuwa ameshafika mulangoni.

— Maître, kaa kidogo, kahawa bado iko, mimi nitatafuta nyingine, kubwa, ya kufanana na ile ya ndani, kuna mutu aliniambia anayo, ni siku mbili tu, ao tatu, hata leo match ikiisha nitairudisha hii, kaa umalize kahawa, Maître.

— Mama Mwasiti, nitakaa nikitazama nini?

— Ngojeni, Muzee Rachidi akasema. Alikuwa ameinama mbele. Haijakufa. Inaonyesha njia.

Kweli. Ndani ya kioo cheusi ilionekana njia yote iliyokuwa nyuma yao: chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikishuka na magunia, pikipiki mbili, mama mwenye beseni la samaki wadogo wa sambaza kichwani.

— Na hii njo image safi, Kilomètre akasema. Hakuna mutu amenenepa.

— Na yule?

— Yule ni Mama Cibalonza. Yeye ni munene wa kweli.

Maître akakaa. Wakabishana kama chukudu ingeweza kuipita pikipiki kwenye ile kona, na kama mutu ndani ya kioo anatembea kwa mukono wa kuume ao wa kushoto. Kikombe kikajazwa tena.

— Yule wa koti ya kijivu, Maître akasema. Si amepita sasa hivi?

— Amepita akishuka. Sasa anapanda.

— Na kabla ya kushuka?

Hawakugeuka. Kioo kilionyesha koti ya kijivu ikiacha njia, ikikaribia, ikikua, mpaka kikabaki kifua na vifungo. Mutu alikuwa amesimama nyuma ya ubao.

— Jambo yenu.

— Jambo.

— Mwenye hii nyumba yuko?

Kijiwe kilichokuwa na jibu la mupando, na la nakala, na la gaz, kilinyanyua vikombe, kikanywa. Ramla, nyuma ya mulango uliofunguka nusu, alikuwa na majibu matatu ya uongo tayari, akawa anachagua. Alisikia Mwasiti akipumua shingoni mwake. Halafu akaona jambo moja: hakuna hata mumoja kati yao aliyemutazama yeye. Mutu asiyejua, akiulizwa, anamutazama anayejua. Wao walitazama kioo; basi walikuwa wanajua kwamba yuko peke yake.

— Kahawa imeisha, papa, Muzee Rachidi akasema.

— Sikuulizia kahawa.

— Najua. Imeisha.

Kilomètre akapanua magoti mpaka ubao ukajaa. Maître akatoa kalamu mufukoni, akaifungua, na sauti yake ikawa ile ya mezani.

— Jina kamili? Unakotoka? Na shughuli?

Mutu wa koti akatazama kalamu, akatazama mulango, akawatazama wale watatu.

— Nitarudi, akasema.

— Tuko, Kilomètre akajibu.

Wakamusindikiza ndani ya kioo mpaka akawa mudogo, akawa nukta, akapotea kwenye kona. Muzee Rachidi akafungua termos. Kahawa ndani ilikuwa bado zaidi ya nusu. Akajaza vikombe vitatu, akatafuta cha nne, akakijaza nacho, akakinyoosha upande wa mulango bila kugeuka, na Ramla akakipokea kwa mikono miwili.

Ndani Élisée akapiga kelele kubwa, ya kushinda ao ya kuuawa, na hakuna aliyemuuliza.