Siku Kisonono Kilipotajwa Uani Kwetu

Ndugu zangu, asifiwe Bwana anayefungua midomo iliyofungwa! Leo nasema yote, hata akina mama mkinivuta gauni.

Nilikuwa darasa la saba hapa Ndalambo, tulipokuwa tumehamia kijiji cha ujamaa. Sisi wasichana tulishasikia habari za kisonono, lakini tuliamini ni ugonjwa wa madereva wa malori na wanawake wa baa za Tunduma. Mwanafunzi mwenye sare safi angeupatia wapi? Wavulana nao walikuwa na yao. Waliuita homa ya wanaume, na aliyeupata alitembea kwa maringo!

Mimi nilikuwa na rafiki, Lazaro, tuliyesoma naye darasa moja. Mnaelewa ninaposema rafiki. Baada ya muda tumbo la chini likaanza kuniuma, homa ikapanda, nikawa siwezi hata kushika jembe. Nyumbani hakuna aliyeniuliza habari za mvulana. Waliuliza ni nani anayenipikia. Aliyenipikia uji wa ulezi kila asubuhi ni shangazi yangu, dada yake baba, mjane asiye na mtoto. Mganga akaitwa, akamnyooshea shangazi kidole kwamba ameniroga. Baba akamwambia jua lisizame hajaondoka. Na mimi, ndugu zangu, niliamini. Nilikataa hata maji aliyoniletea.

Shangazi alikuwa anafunga mkeka wake Lazaro alipoingia uani na kaptura yake ya shule. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba. "Msimfukuze mama huyu. Ugonjwa nimeuleta mimi, na mimi bado naumwa. Ni kisonono."

Lile neno halikuwahi kutajwa mbele ya baba yangu. Alinyanyua fimbo, na aliyeidaka ni shangazi!

"Kaka, utampiga baadaye. Sasa hivi watoto hawa waende hospitali."

Nawaambia, Mungu alikuwa pale uani! Shangazi alifungua mzigo wake, akatoa kitenge, akanifunika, tukaenda.

Hospitalini muuguzi alimuuliza Lazaro kama alishatumia dawa. Akajibu ndiyo, alinunua vidonge vya rangi mbili ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akagawana sawasawa na wenzake watatu. Wenzake walikuwa wazima, walitaka kinga tu. Eti wamekula dozi kijamaa! Muuguzi alicheka mpaka akaweka chini sinia la sindano, kisha akamkemea vizuri sana. Tulichomwa sindano wote wawili, na shangazi alinishika mkono. Tukapona, haleluya! Mimi niliyeambiwa pale hospitalini huenda nisizae, leo wanangu wanakimbia nje ya kanisa hili, mnawasikia. Baba naye alimwomba dada yake msamaha mbele ya kijiji, akilia.

Vijana wangu, Yesu haoni kinyaa. Mwambieni yeye, kisha mumwambie mtu, mkiutaja ugonjwa kwa jina, na dawa mmeze yote peke yenu. Usiache mtu afukuzwe kwa sababu ya aibu yako.

Na kama unaumwa na unaogopa, tazama benchi la mbele, yule mama mwenye kilemba cheupe. Ndiye shangazi yangu. Ibada ikiisha, mfuate. Atakupeleka mpaka hospitali, na njia nzima hatakuuliza umeupata wapi.