Tabitha Wariara, Mpimaji wa Jemu

Marehemu Tabitha Wariara Mathenge alizaliwa Bahati tarehe 14 Machi 1988, binti wa pili wa Mzee Mathenge na Mama Wangui. Mimi ninayewasomea wasifu huu, Shiru, ndimi wa kwanza. Kwa desturi nilipewa jina la nyanya mzaa baba, aliyekuwa ameshafariki. Tabby akapewa la nyanya mzaa mama, aliyekuwa hai, na aliyekuja kumwona mtoto akivuta kondoo wa zawadi. Wivu wangu ulianza siku hiyo, nikiwa na miaka minne.

Alisoma shule ya kijijini, akafanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, mwaka wa 2006 na kupata B+. Baba alichinja mbuzi. Mimi nilipopata C, hata kuku hakutishwa.

Baada ya diploma ya teknolojia ya chakula, nilimtafutia kazi mwaka wa 2011 katika kiwanda cha jemu hapa Nakuru, nilikokuwa nikifunga chupa. Mwezi wake wa pili tu akakabidhiwa refraktomita, mashine inayopima sukari kwa kupitisha mwanga katika tone la jemu. Kila asubuhi alipangusa kioo chake, akadondosha maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na kitu ndani, na kuirudisha kwenye sifuri. Meneja alimwita Daktari. Mimi aliniita “wewe wa chupa.”

Mnamo 12 Disemba 2015 alifunga ndoa na Njuguna kanisani mtaa wa Free Area, wakahamia Kiamunyi. Njuguna nilimwona mimi kwanza, lakini hayo tuyaache.

Juni 2019, akiwa mjamzito, alienda kliniki akaniachia mashine asubuhi moja. Niliona mabaki ya jemu kwenye kioo. Sikuyapangusa. Mashine ikayahesabu kuwa sifuri, kila sufuria ikasomeka nyepesi, wapishi wakazidi kuchemsha. Jemu ikawa ngumu, ukipindua chupa haitoki. Tabby aliporudi aliangalia kioo, akaniangalia mimi.

“Boss, ni mimi,” alimwambia meneja. “Sikupangusa glasi poa.”

Alisimamishwa kazi mwezi mzima. Aliporudi, meneja akamsifu mbele yetu kwa ukweli wake. Yaani hata kosa langu lilimletea sifa yeye!

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Jumatano kabla ya kufariki alinishika mkono.

“Shiru, ile glasi najua ni wewe. Si uniombe tu msamaha tumalizane?”

“Lala kwanza, Tabby. Tutaongea kesho.”

Kesho yake hakuweza tena kuongea. Alituacha Jumapili, 6 Julai 2025.

Ameacha mume wake Njuguna, mabinti Mercyline na Wangui, wazazi wetu, na dada ambaye hata leo, akiona umati huu, anamwonea wivu. Meneja yuko hapa, asikie: Tabby hakukosea. Ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Mungu akupe pumziko lenye amani.