Fundi Taratibu na Ukurasa wa Friji ya Chanjo

Miaka thelathini na minne ya kazi inamtosha mtu. Tarehe 30 Juni fundi wetu wa mitambo anastaafu. Hapa kituo cha afya tunamwita Fundi Taratibu, kwa sababu hata paa likiwaka moto atakwambia taratibu, kwanza tuone waya umepita wapi. Mimi bibi wa usafi nimesema haya, karani wa mapokezi ameandika, na nimemkataza asinipambie.

Alianza kwa kubadilisha balbu na kuzibua mabomba. Likaja jenereta, akalijua. Ikaja mashine ya kufulia mashuka, akaifungua yote na kuipanga sakafuni juu ya gazeti. Nikamwambia ikibaki skrubu hata moja ataimeza. Ilibaki. Mashine inafua mpaka leo, na skrubu hajaimeza.

Lakini kazi iliyompa sifa ni ya friji ya chanjo. Miaka sita iliyopita friji ilizima Ijumaa, hakuna aliyejua mpaka Jumatatu asubuhi. Chanjo zote zikatupwa. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao, tukawarudisha nyumbani mikono mitupu. Wakubwa wakatuonya: likitokea tena, friji inahamishiwa hospitali kubwa, na kina mama watafuata chanjo huko, mwendo wa nusu siku.

Fundi akatafuta kompyuta ndogo, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Akaibandika ukutani juu ya friji, akaunganisha nyaya za vihisi, vile vidude vya kupima joto, akaviingiza ndani. Kisha akaiweka tovuti humo humo kwenye hiyo kompyuta. Mimi nilidhani tovuti hukaa kwenye majumba makubwa huko mbali. Kumbe inaweza kukaa ukutani kwetu, chini ya kalenda. Ukiifungua kwenye simu unaona ukurasa wenye joto la friji. Ukibonyeza kitufe, feni ya nyuma inawaka, au kihisi kinapima upya.

Wiki ya pili tu nikamharibia. Nilikuwa nafuta friji, nikaona waya mmoja unanata. Nikautoa, nikausugua kwa sabuni na kihisi chake, nikauanika dirishani kwenye jua. Kazi safi kabisa. Simu ya muuguzi mkuu ikasema friji ina nyuzi thelathini na moja. Akaja mbio na ndoo ya kutupia chanjo, machozi yanamtoka, na mabenchi nje yamejaa. Mimi nimesimama na tambara langu.

Fundi akaitazama simu, akasema taratibu. Alituonyesha kwamba joto limepanda lote ndani ya dakika tatu. Friji iliyojaa haiwezi kupata joto hivyo kwa dakika tatu hata ukiizima, alisema, hupoteza baridi yake kidogo kidogo. Basi kilichopata joto si chanjo, ni kihisi. Akanitazama mimi, akatazama dirisha. Kipimajoto cha kioo kilichokuwa ndani kikasema nyuzi nne. Akakifuta kihisi, akakirudisha, tukangoja, na simu nayo ikasema nne. Watoto walichanjwa siku ile ile.

Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake akasema kosa ni lake: ameunda kitu kinachoongea na wenye kusoma tu, wakati anayeingia chumba kile kila siku ni mimi. Kesho yake ukurasa ukawa na rangi. Kijani, salama. Nyekundu, piga kelele. Tangu hapo hatujatupa kichupa hata kimoja kwa ajili ya joto, na friji haijaenda popote.

Mwaka huu wote ametufundisha kuiwasha upya kompyuta na kubadilisha kihisi kibovu. Wenzangu amewaandikia maelezo, mimi kanichorea. Mwezi uliopita, mchana, ukurasa ukawa mwekundu. Mlango wa friji haukuwa umefungwa sawasawa. Muuguzi mkuu na mimi tukaubana, tukawasha feni, tukakodoa macho mpaka kijani kikarudi. Ndipo tukaenda kumtafuta fundi tumseme vizuri kwa kutokuja.

Tulimkuta nyuma ya stoo, chakula chake hakijaguswa, ukurasa umefunguka kwenye simu mbele yake. Alikuwa ameona yote tangu mwanzo. Alikaa tu, mikono ameikalia ili isije ikabonyeza kitu. Nilimsema wee, mpaka nikachoka.

Asante, mdogo wangu. Nenda ukalale mchana, ukamchoshe mkeo kwa kumfungulia redio yake vipande vipande. Tunakuombea afya, miaka mingi, na usingizi usiokatika. Na huo ukurasa ufute kwenye simu yako. Ukiwa mwekundu, ni wetu.