Mama Pinky, Aliyesubiri Marahaba

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na minne ya kuiamsha Singida, Bi. Lalita Ishwarlal alivua hedifoni, akaviringa waya wake vizuri kama afanyavyo siku zote, akastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ni Mtangazaji Mwandamizi wa Redio Miamba. Kwetu sisi, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, ni Mama Pinky.

Kazi yenyewe hakuiomba. Mwaka 2001 alileta tangazo la duka la baba yake, Mzee Ishwarlal, muuza chumvi na mabati hapa mjini. Msomaji wa matangazo alikuwa amekaukwa na sauti, basi akaambiwa alisome mwenyewe. Akalisoma. Kesho yake mkurugenzi wetu wa wakati ule alionekana amesimama dukani kwa Mzee Ishwarlal, na hakuwa na shida ya bati wala chumvi. Miezi michache baadaye Mama Pinky akakabidhiwa Hodi Asubuhi, kipindi chetu cha Jumatatu hadi Ijumaa cha mahojiano, magazeti na mambo yanayoendelea. Tangu hapo hakukiachia.

Siku zile magazeti yalifika Singida kwa basi, jua likiwa limeshageuka. Kwa hiyo asubuhi alisoma ya jana, na wala hakuficha. Alikuwa akisema magazeti ni ya jana lakini shida zilizomo ni za leo, na hakuna msikilizaji aliyewahi kumbishia.

Lakini kilichomfanya Mama Pinky awe Mama Pinky ni salamu. Kila asubuhi alifungua kipindi kwa kusema, "Shikamooni wazee wetu," kisha ananyamaza. Hapigi muziki, hageuzi karatasi. Anasubiri marahaba. Mgeni wa mkoa huu akisikia mara ya kwanza hudhani redio imekatika. Kumbe Iramba na Mkalama nzima wazee wanaitikia: aliyeshika kikombe anakiweka chini kwanza, aliye zizini anaitikia kwa sauti mpaka ng'ombe wanageuka. Akiridhika kwamba wamemaliza, ndipo anaendelea.

Desturi hiyo aliitoa dukani. Akiwa mtoto nyuma ya kaunta alimwamkia mzee mmoja wa Kinyiramba, na papo hapo akageukia mizani. Mzee akaiacha chumvi yake, akaondoka zake. Baba yake akamuuliza amemwamkia nani, mzee au mizani. Kisa hicho amekisimulia kwa kila mtangazaji mpya aliyepita hapa, na baadhi yetu tumeshakisikia mpaka tunaweza kukisimulia kwa Kigujarati.

Mwaka mmoja tulirusha kipindi moja kwa moja kutoka Shelui, kwenye maegesho ya malori. Watu walipomwona wakakataa katakata. Huyu Mhindi, walisema, siye. Mleteni Mama Pinky mwenyewe. Bibi mmoja, Sikudhani, akaomba nafasi, akafumba macho, akamwambia mgeni asalimie. Mama Pinky akaamkia, akanyamaza. Bibi akaitikia marahaba yake taratibu, akafumbua macho, akawatangazia wenzake kwamba ni yeye, hata kusubiri kwake ni kule kule.

Kimya hicho hakikuwa cha wazee tu. Kuna bwana mmoja mkubwa, jina tunalihifadhi, aliulizwa studioni ni lini kisima cha watu wa Sekenke kitatoa maji. Akajibu kwa maneno mengi mazuri. Alipomaliza, Mama Pinky hakuuliza kitu, akamtazama tu. Bwana yule akaongeza maneno, akayapunguza, akajikohoza, mwishowe akataja mwezi. Mwezi ule ulipofika, maji yakatoka. Akina mama wa Sekenke walituletea dumu la maji yale ofisini, tukachemshia chai.

Mwaka juzi ndipo tulipokaribia kumpoteza. Meneja wetu Raymond alifunga mtambo mpya, na sababu alikuwa nayo: usiku redio ilikuwa ikizimika bila mtu kujua. Mtambo huo ukisikia kimya unaamini studio imekufa, unapiga muziki wenyewe. Asubuhi ya kwanza Mama Pinky akaamkia, akanyamaza, na mtambo ukawaporomoshea wazee wa Singida wimbo wa mapenzi. Siku ya pili hivyo hivyo. Fundi wetu Zefania alijaribu kuubembeleza, lakini waliouuza walikuwa wameufunga kwa namba zao za siri. Raymond akasema basi, salamu ibaki, kimya kiondoke. Mama Pinky hakugomba. Alisema tu kwamba kumwamkia mtu mzima bila kumsubiri yeye hawezi, na kama ni hivyo atafutwe mwingine. Tulijua hatanii.

Wiki ile ile akaja Mzee Andrea kutoka Ulemo, na jogoo wa zawadi kwapani. Alitaka kujua amekosa nini mpaka akatwe kila anapoitikia. Raymond akamkalisha, akamweleza habari za mtambo kwa adabu zote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mkewe Kristina ametangulia, watoto wako mbali, anaishi peke yake.

"Marahaba ndilo neno langu la kwanza kila siku," alisema. "Kuna siku linakuwa la mwisho."

Siku ile ile Raymond alimwambia Zefania atafute njia yoyote ile.

Njia ikapatikana kwenye kikombe. Zefania aligundua kwamba mtambo hautaki maneno, unataka dalili tu kwamba kuna watu. Kijiko kikikoroga chai karibu na maikrofoni, unatulia. Basi tangu siku hiyo Mama Pinky anaamkia, ananyamaza, na mimi Klara, msoma habari, ninakoroga. Sukari nilishakatazwa na daktari, lakini asubuhi zote hizo nimekoroga kwa bidii kama niliyetia vijiko vinne. Wasikilizaji walipenda. Walisema sasa ni kama wamekuja kwetu, wameamkiwa, na chai inaandaliwa.

Miezi ya karibuni, alipoanza kumfundisha Yasinta, anayekipokea kipindi, Mama Pinky hakuuliza habari za sherehe wala zawadi. Aliuliza jambo moja tu, na aliliuliza mara nyingi: kimya kitabaki? Raymond alimjibu kila mara kwamba kitabaki, na kila mara alionekana kutoamini sawasawa. Tunamwelewa. Mtu anaweza kuwaachia wenzake kiti, lakini wazee wa watu unamwachia nani?

Ijumaa ile ya mwisho aliwaamkia wazee, akanyamaza. Nikakoroga. Alikaa kimya kupita siku zote, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Kisha akaondoka kitini, akamkalisha Yasinta, na kipindi kikaendelea. Mzee Andrea alipata habari, akatuma kuku jike na salamu kwamba huyu si wa mchuzi, ni wa mayai. Kafungwa chini ya meza ya zawadi kwenye sherehe hii ya kuagana. Tunaomba asifunguliwe mpaka hotuba ziishe.

Mama Pinky, tunakushukuru. Umetufundisha kazi, umetufundisha na adabu, na tunakupenda, tuseme nini zaidi. Mungu akupe afya, mayai mengi, na asubuhi zisizo na haraka.

Tunajua pia kwamba tangu Pinky aolewe Mwanza nyumba yako imekuwa kimya, na umetimiza sitini. Kwa hiyo, upende usipende, umeshaingia kwenye hesabu ya wazee wetu. Jumatatu washa redio. Yasinta ataamkia, mimi nitakoroga. Itikia taratibu, Mama Pinky. Tunakusubiri.