Papa Onema Lushima, Mwandishi Ambaye Kampuni Haikumshitaki

Tunamuaga leo Papa Onema Lushima Barthélemy, aliyezaliwa Kibombo tarehe 12 Machi 1974, mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto saba, na wa kwanza kwa kulalamika.

Alimaliza sekondari Kindu mwaka 1996, akaenda Kisangani kusoma sheria. Vita vya 1998 vilikata masomo. Alirudi kwa miguu kupitia Lubutu na kitabu kimoja cha maktaba, ambacho familia inakiombea radhi mpaka leo.

Miaka ile ya vita aliweka meza kwenye soko la Kasuku, Kindu, akiwaandikia watu barua kwa ndugu zao waliokwama mbali. Kazi hiyo ina desturi yake: mwandishi hatii jina, sahihi ni ya mwenye maneno. Mama Claudine alikuja kuandikisha barua kwa kaka yake aliyekuwa Kampene. Alipokuja mara ya nne, kaka alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 2001.

Mwaka 2017 marehemu aliandika tangazo juu ya kampuni ya madini iliyochafua mto wa wanakijiji. Kwa mazoea, hakutia jina. Walitia sahihi rafiki zake wawili, Youssouf na Pélagie. Kampuni ikawashitaki hao wawili kwa kuiharibia jina, hasa kwa sababu ya sentensi moja. Sentensi ilikuwa ya marehemu. Wivu ukamshika, akaenda mwenyewe parquet, kwenye ofisi ya mwendesha mashitaka.

"Ile phrase njo yangu!" alimwambia karani.

"Papa, jina yako haiko humu. Acha wenye kesi wafanye kesi yao."

Wenzake walifungwa miezi minne, kisha mwaka 2019 korti ya rufaa ikawaachilia. Kindu ilitoka kuwapokea. Wamama walitandika vitenge barabarani. Papa Onema alisimama mbele kabisa, ndani ya koti lake la ndoa, mpaka mama mmoja akamsukuma: "Papa, sogea kidogo, washitakiwa wapite!" Tangu siku ile, Pélagie akisikika redioni, marehemu alizima redio yake, na ya jirani pia.

Ugonjwa wa sukari ulimlaza mwaka jana. Youssouf alimtembelea kila Jumamosi.

"Weye ulikula kesi yangu," marehemu alimwambia.

"Nilikula na gereza yako. Ulikuwa unaitaka?"

Marehemu aliwaza sana. "Nusu."

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu wawili, pamoja na Youssouf na Pélagie, ambao wamechonga msalaba wake kwa mikono yao. Juu yake wameandika sentensi ile: "Maji ambayo kampuni inasema ni safi, mbwa wa kampuni hawayanywi." Chini yake ni jina moja tu, la Onema Lushima Barthélemy, zima.

Kampuni ikitaka kumshitaki, yuko safu ya tatu, kaburi la pili kutoka njiani. Hati ya korti ikija, imkute amelala kwa amani.