Fundi wa Lifti na Nyimbo Zilizosagwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Redio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya watano. Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na binti yake mkubwa. Wazee wa familia walitaka uandikwe kwa upole. Ameshindwa.

Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1983, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi alikosomea umeme. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea kitinda mimba wao na kumsomesha hadi akapata kazi ya kukaa kwenye kiti. Jambo hili mlikumbuke, tutalihitaji mbele kidogo.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Jina la Redio alilipata humo. Akiwa chini ya shimo la lifti alikuwa akiimba, na sauti ikapanda ghorofa zote, hata waliokuwa wakisubiri juu wakamjibu kiitikio.

Mkewe alikutana naye stendi, mbele ya sanduku la muuza CD za mitumba. Wote wawili walishika CD moja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuiachia.

"Chukua," marehemu akasema hatimaye, "ila uniazime nikainakili."

"Na nitajuaje utairudisha?"

"Njoo nayo, ukae pale pale mpaka nimalize."

Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 2002, wakajaliwa mabinti wawili.

Watu walipohamia kwenye simu na kuanza kutupa CD zao, yeye ndipo alipozidi kununua. Alizipata kwa bei ya chee, zimekwaruzika, nyingine zimeota ukungu. Aliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akazipangusa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kisha akaziingiza kwenye kompyuta moja moja. Kila moja aliisikiliza yote wakati ikinakiliwa, asije akahifadhi wimbo unaorukaruka. Halafu alichapa majina yaliyokuwa kwenye karatasi za ndani ya kasha, si ya mwimbaji peke yake, bali ya mpiga besi, mpiga ngoma, hata wale wa kuitikia. Bendi nyingi kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kuvunjika, na nyimbo zao hazikuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Mpiga tarumbeta mmoja mstaafu alikuja nyumbani akasikilizishwa sauti yake ya ujanani. Aliomba irudiwe, tena na tena, mpaka chai ikapoa.

Mapema mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Mkewe akawa analala hospitali, mabinti wako vyuoni. Funguo za nyumba akakabidhiwa mdogo wake, yule yule aliyesomeshwa.

Marehemu aliporudi, akiwa amekonda na anashikiliwa mkono, alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani alimohifadhi CD na kompyuta yake. Akakuta mpangaji anapiga pasi.

"Kaka, daktari alisema hali si nzuri," mdogo wake akajitetea. "Nikaona..."

"Ukaona nini?"

"Nikaona chumba kinakaa bure. Na yale makasha, kaka, si nyimbo zote ziko kwenye simu siku hizi?"

Kompyuta ilikuwa imeuzwa na kufutwa. Diski ya akiba iliyokuwa kwenye droo nayo ilikwenda na meza. CD zilipelekwa kwa mnunuzi wa plastiki.

"Umenizika huku nasikia," marehemu akamwambia.

Binti yake mkubwa alimpeleka kwenye yadi ya mnunuzi yule. Wakaonyeshwa gunia la punje za plastiki. Marehemu akatumbukiza mkono, akachota, akaziachia zimwagike. Njiani hakutaka redio ya gari iwashwe.

Dada zake walikuja kumsihi. "Samehe, kaka. Ni vitu tu."

"Hasira hii ni yangu," akajibu. "Hii hajaiuza."

Akarudi stendi, akaanza upya kwa kompyuta ya kuazima. Mikono ilipoanza kutetemeka, mkewe akawa anaosha yeye, na marehemu anasikiliza akiwa kitandani. Alifariki tarehe 22 Novemba mwaka huu, mchana, hospitalini, kazi ikiwa haijafika popote.

Jana wazee walimwomba binti aandike kwamba marehemu aliwasamehe wote kabla ya kufariki. Hakusamehe. Aliulizwa akiwa na akili zake timamu, akasema hapana. Kuandika vinginevyo ni kumfuta na yeye kama zilivyofutwa nyimbo, ili tu watu waliokaa mstari wa mbele wapate usingizi. Hakuwa mtu wa kinyongo. Alikuwa mtu mpole aliyefanyiwa ukatili na mtu aliyempenda, na alikuwa na haki ya kuchukia.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, dada watatu, na mdogo wake wa kiume.

Baba, upumzike kwa amani. Amani hiyo ni yako peke yako, asijigawie mtu.