Mkono wa Mzee Simel

Baba Paroko, wazee wetu mliotoka Nainokanoka na Endulen tangu alfajiri, majirani wa Rhotia, wasanii wa Karatu na Arusha, na nyote mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimetuishia, familia ya Mzee Tluway inawasalimu, inawashukuru kwa kuja, na inawaomba utulivu kidogo tuisimulie safari ya ndugu yetu Piusi Tluway Amnaay, ambaye wengi wenu mmemwita Mzee Simel hata mkalisahau jina alilobatizwa. Kazi ya kuisoma historia hii amepewa mdogo wake Julius, si kwa usomi, bali kwa sababu katika ukoo huu ndiye aliyezunguka nchi za watu akiendesha magari ya watu, akarudi na makoti mawili na maneno mengi, basi ikaonekana leo angalau maneno yapate kazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa Rhotia, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Tluway Amnaay na Mama Marsela, akabatizwa mwaka huohuo, na mama alikuwa akisimulia kwamba alipomwagiwa maji hakulia, alimkazia macho padre na kukunja uso vilevile padre alivyoukunja, benchi lote la mbele likacheka, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa. Mwaka 1972 baba yetu, aliyekuwa mhudumu wa josho la ng'ombe, alihamishiwa Endulen, ndani ya Ngorongoro, akahama na nyumba nzima, kwa hiyo Piusi akakua akichunga ndama na watoto wa Kimaasai, mchana makande yetu, jioni maziwa yao, akakijua Kimaa kabla Kiswahili hakijamkaa sawasawa mdomoni. Zaidi ya lugha, aliwasoma wazee wa kule, wanavyoketi, wanavyokohoa kabla ya kutoa hoja, na jinsi mtoto anavyoinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote wa rika la baba yake ili awekewe mkono utosini, maana kwao salamu ya mtoto ni kichwa, na jibu la mzee ni kiganja.

Kwa upande wa elimu, alisoma shule ya msingi huko Endulen kuanzia 1975 hadi 1981, akafaulu vizuri, na alichapwa mara nyingi kwa kosa lilelile la kutembea nyuma ya mwalimu mkuu kwa mwendo wa mwalimu mkuu. Mwaka 1982 alijiunga na seminari moja ambayo familia imeona isiitaje, kwa kuwa gombera wake, yaani padre mkuu wa seminari, bado yu hai na kumbukumbu zake ni nzuri, akakaa huko mpaka Agosti 1984, siku alipopanda kwenye meza ya bwalo na kutoa mahubiri ya Jumapili iliyopita kwa sauti ya gombera, neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi, bila kujua kwamba gombera amesimama mlangoni na sahani yake. Inasemekana gombera alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amina. Sasa kafungashe."

Katika utumishi wake wa sanaa, mwaka 1987, familia ikiwa imekwisha kurudi Rhotia, alijiunga na kikundi cha maigizo cha Mwangaza, hapa Karatu, kilichozunguka kwenye minada kikihimiza chanjo ya mifugo na kupeleka mabinti shule, na kwa kuwa kikundi kilijaa vijana watupu, Piusi akiwa na miaka ishirini akajitwisha uzee, akapaka majivu nywelini, akavaa lubega na juu yake koti kubwa la jeshi alilopewa na mlinzi mstaafu wa Endulen, akashika fimbo na usinga, akazaliwa Mzee Simel. Mzee huyo alikuwa mbishi, mwenye majibu, mwenye kuwakatisha wataalamu wa mifugo katikati ya sentensi, lakini hakuwa mjinga hata siku moja, na marehemu alikuwa mkali sana juu ya hilo, akiwaambia wenzake, "Ukitaka watu wamcheke mzee, kwanza waache wamwogope." Alikuwa na sharti jingine, kwamba akishavaa lile koti, Piusi hayupo, hata ukimwita hageuki, hata ukimfinya hatabasamu, mpaka amelivua na kunawa majivu, na sharti hilo ndilo lililompa mke na ndilo lililokaribia kumnyima.

Ilikuwa Septemba 1992, siku ya mnada, Mzee Simel akipita katikati ya mbuzi kuelekea uwanja wa maigizo, ndipo binti mmoja aliyekuja na baba yake kuuza mbuzi, Sintamei, binti wa Mzee Lekishon wa Nainokanoka, alipomwona mzee wa heshima mbele yake, akafanya alivyofunzwa nyumbani, akainamisha kichwa. Kijana mwingine angekimbia, lakini koti lilikuwa mwilini, Piusi akamwekea mkono utosini mbele ya mnada mzima na kumbariki kwa Kimaa, aishi, azae, awe na ng'ombe weusi na weupe, akaenda zake kwa mwendo wa mzee mwenye magoti mabovu. Baadaye, kwenye bomba la maji nyuma ya bucha, Sintamei alikuwa akijaza dumu lake alipomwona baba yake wa asubuhi ameinamia karai, ananawa, na kila kiganja cha maji kinamwondolea miaka mitano, akaacha dumu limwagike, akasema, "Yeyoo! Kumbe nimebarikiwa na mtoto!" Piusi, majivu bado masikioni, akajibu, "Basi nirudishie mkono wangu," na kuanzia siku hiyo marehemu hakukosa mnada hata mmoja, wenye maigizo na usio na maigizo.

Wazee wetu walipokwenda Nainokanoka kuposa, Mzee Lekishon aliwapokea vizuri, akawanywesha chai ya maziwa, kisha akawaambia kwa upole kwamba haiwezekani. "Kijana wenu aliweka mkono kichwani kwa binti yangu, na binti yangu akaupokea. Anayeinamishiwa kichwa ni baba. Kwetu baba haoi mtoto wake, na wala hatujasikia kwamba kwenu anaoa." Baba yetu alieleza kwamba ulikuwa mchezo, Mzee Lekishon akauliza kama na baraka ilikuwa mchezo, kwa sababu kama baraka ilikuwa mchezo hilo ni kosa lingine, kubwa zaidi, na hapo baba akamaliza chai yake na kuaga. Walirudi mara ya pili, jibu likawa lilelile, na Piusi akawa anakaa tu kwenye ngazi ya nyumba hii akiliangalia lile koti kana kwamba ndilo lililomposa mchumba wake.

Aliyetegua kitendawili alikuwa Mzee Metui, jirani yake Lekishon, Mungu amrehemu naye, aliyesema kikaoni, "Mkono ule haukuwa wa kijana wa Rhotia, ulikuwa wa Simel. Basi binti ana baba wawili. Lekishon tumemsikia, sasa aje Simel mwenyewe aseme kama anatoa." Ndivyo ilivyokuwa mwezi Novemba, Piusi alipofika bomani kwa Lekishon na koti lake na majivu yake, akaketi upande wa baba za binti, akaisikiliza posa yake mwenyewe, na kwa kuwa koti lilikuwa mwilini, akaipinga. Aliuliza huyu mtu wa jembe atamwambia nini ng'ombe akiugua, akasema watamlisha binti yetu maharage mpaka asahau rangi ya maziwa, akaendelea hivyo mpaka baba yetu Tluway, aliyejua fika kwamba anayesema ni mwanawe wa kumzaa, akasahau, akasimama amekasirika, "Mzee wangu, mbona una mdomo hivyo? Mwanangu umemwona wapi ukamjua?" na Julius akalazimika kumkanyaga mguu. Mwishowe Mzee Simel alikohoa, akasema anatoa, akapewa mtamba wake kama baba, akaenda nyuma ya zizi, akanawa, akarudi kijana, akainamisha kichwa mbele ya mkwewe. Boma zima lilicheka, Metui alicheka akalala chini, ila Mzee Lekishon hakucheka, na mkono wake hakuunyanyua. Alisema, "Binti nimempa Simel, kwa sababu Simel namjua. Wewe kijana, bado."

Ndoa takatifu ilifungwa hapa Parokia ya Rhotia, Jumamosi tarehe 9 Januari 1993, wakajaliwa watoto watatu, Nashipai mwaka 1994, Lembris mwaka 1997 na Eva mwaka 2002, na Mungu akawajalia wajukuu wawili. Nyumba yao ilikuwa ya kicheko, hata ugomvi wao ulikuwa na watazamaji, lakini kila Piusi alipopanda Nainokanoka mkwewe alimpa mkono kama mgeni, akauliza, "Simel hajambo?" naye akijibu kwamba hajambo, anaambiwa, "Mfikishie salamu," basi, mazungumzo yameisha. Krismasi ya 1999, watoto walipopanga foleni mbele ya babu yao kuwekewa mkono, marehemu naye, mtu mzima na ndevu zake, akajipanga nyuma yao, akainama, na Mzee Lekishon akambariki Nashipai, akambariki Lembris, akampita Piusi, akaenda kumshika ndama kichwani. Tulicheka sana, na Piusi alicheka kuliko wote, lakini usiku Sintamei alimsikia akigeuka kitandani.

Sanaa yake ilimfikisha mbali, mwaka 2003 akaanza kipindi cha redio huko Arusha, mwaka 2006 akaalikwa Ujerumani mwezi Januari, ambako katika ujumbe mzima Mzee Simel ndiye pekee aliyekuwa amevaa ipasavyo, na kuanzia 2008 akaigiza filamu kumi na moja, akiwa mlinzi, shehe, padre, hakimu na mganga, na katika mbili akiwa maiti, na mara zote mbili alipiga chafya ndani ya jeneza, ndiyo maana asubuhi ya leo wapo miongoni mwetu waliosubiri kidogo. Vijana wengi mnaowaona kwenye simu zenu wamepita mikononi mwake, aliwalisha, aliwakaripia, aliwakopesha viatu. Alipoulizwa redioni amebakiwa na nini, alisema, "Nimebakiwa na mtazamaji mmoja, yuko Nainokanoka, na hanunui tiketi."

Kuhusu ugonjwa, Machi 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na koo, akatibiwa hospitali ya hapa Karatu, kisha akapelekwa Moshi, ambako iligundulika kuwa ni saratani, na ilipofika Mei 2025 sauti ilikuwa imekwenda, nywele zimekwenda, akabaki na mikono na macho, na kwa hivyo viwili aliendelea kuwaigiza wauguzi mpaka wakawa wanakuja wodini wasio na zamu. Tarehe 12 Julai 2025, mchana, Mzee Lekishon, ambaye sasa anakaribia miaka tisini, alishuka kutoka Nainokanoka bila kuitwa, akaingia sebuleni humu, Piusi akiwa amekwisha kurudishwa kutoka hospitali, akamkuta kitini, mwembamba, na fimbo ya kweli safari hii. Akauliza kama kawaida, "Simel hajambo?" Piusi hakuwa na sauti ya kujibu, akanyoosha kidole ukutani, kwenye msumari, palipotundikwa lile koti. Mzee Lekishon aliliangalia koti, akamwangalia mkwewe, kisha akauliza swali ambalo nyumba hii ililisubiri kwa miaka thelathini na miwili, "Na wewe?"

Piusi akainamisha kichwa, na mzee akamwekea kiganja chote juu ya kile kipara, akakiacha hapohapo mpaka chai ikapoa, Sintamei akiwa amesimama mlangoni na birika, hathubutu kusogea. Kisha Mzee Lekishon akasema, "Mvi zako za majivu zilikuwa nzuri kuliko hiki," na mabega ya Piusi yakaanza kutikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka, na Mzee Lekishon naye, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yetu, akacheka mpaka akaomba kiti.

Marehemu alifariki nyumbani kwake hapa Rhotia, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Familia ilikuwa imepanga azikwe na koti lake, na jana tulikwisha kulikunja, lakini Mzee Lekishon akakataa, akasema, na tumeombwa tuyasome maneno yake kama alivyoyasema, "Aliyekufa ni Piusi, mwanangu. Simel ni rika langu, na mimi bado niko hapa. Mtamzikaje mtu mzima hai?" Kwa hiyo koti halishuki leo kaburini, wazee wamempa Nashipai, ambaye tangu akiwa mdogo hutembea mwendo ule bila kufundishwa, na mwezi ujao mnadani Karatu, Mungu akipenda, Mzee Simel atapita katikati ya mbuzi kama kawaida, nanyi mkimwona, kwanza mwogopeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Karatu na Moshi, mliomhudumia na kukubali kuigizwa, tunawashukuru majirani mliolala nasi msibani, mliopika, mliochota maji, mliochimba kaburi, tunawashukuru wasanii wenzake, jumuiya na kwaya, na ndugu zetu wa Nainokanoka mlioleta maziwa mengi kiasi kwamba yale maharage hayajaguswa. Ambaye hatukumtaja, kosa ni la msomaji, si la familia.

Kaka Piusi, mtazamaji wako amekaa hapa mstari wa mbele, na ametuambia kwamba jeneza likipita atasimama, akuwekee mkono mara nyingine. Inamisha kichwa, mwana wa watu, usipige chafya. Pumzika kwa amani.